Masanduku Manne ya Luisa

Wanjiru wenu wa foklifti amenisumbua tangu niliporudisha funguo na kustaafu. "Shosho, andika," anasema; kwao shosho ni bibi. "Usipoandika tutaharibu vitu vyako vyote huku." Nimemwambia shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa nyuma. Akasema hakuna atakayesahihisha. Basi naandika, na ninyi mlio kazini kule ghalani Eagan mtasoma wakati wa chai badala ya kutazama simu. Mshahara sitauzungumzia, mnaujua, haujazi hata ukurasa. Vyeo sikuwa navyo. Nilianza nikiwa mfagizi, nikamaliza nikiwa mtunzaji wa chumba cha nyuma.

Ninalotaka mlijue ni habari ya masanduku manne ya divai nyekundu kutoka Italia. Yalikaa mikononi mwangu miaka mingi, na mwishowe shamba la ukoo mzima, huko ng'ambo nisikokujua, likaja kutegemea namna nilivyozilaza zile chupa. Baadhi nilizitunza. Baadhi niliziharibu. Nitasema yote mawili.

Nilikuja Minnesota kumlelea binti yangu watoto. Watoto walipoanza shule nikabaki tunatazamana na theluji. Mtu mmoja wa kanisani kwetu akaniambia kuna bwana mmoja huko Eagan anayeagiza divai na kuziuzia hoteli, anatafuta mtu wa kufagia. Mimi ni Mchaga wa Machame, mama yangu alipika mbege maisha yake yote. Nikasema, pombe nimezaliwa nayo, itanishinda nini.

Siku ya kwanza mwenye ghala, Bwana Dale, alinionyesha ufagio, ndoo, choo na mlango wa nyuma. "Humo ndani fagia sakafu tu, Ndeshi," akasema. "Kingine usiguse." Chumba chenyewe mnakijua. Hakina dirisha, na ubaridi wake haubadiliki, kiangazi wala kipupwe. Rafu za mbao mpaka darini, chupa zimelazwa, zina vumbi la unene wa blanketi. Lebo nazo zimeelekea kokote, moja juu, moja chini, moja imeupa ukuta uso. Zilikuwa kama watoto saba waliolala kitanda kimoja.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nikachukua kitambaa chenye maji, nikazifuta zote, moja moja, nikazigeuza lebo zikaangalia juu ili mtu akiingia asome bila kuinama. Ilinichukua tangu asubuhi hadi saa nane. Nilipomaliza nilisimama mlangoni nikajisifu kimoyomoyo. Nilifanya kwa moyo mzuri kabisa. Uharibifu mwingi nilioushuhudia kazini ulifanywa kwa moyo mzuri kabisa.

Mtunzaji wa chumba kile alikuwa Mzee Pietro, Mwitaliano mfupi mwenye masikio makubwa. Alikuja Minnesota kijana, akimfuata mwanamke, akabaki hata baada ya kumzika. Yeye aliniita Signora, ndiyo heshima ya kwao kwa mama mtu mzima. Alipoingia mchana ule hakupaza sauti. Alivuta kiti akakaa.

"Signora, nani amezigeuza?"

"Mimi. Zilikuwa chafu."

"Zote?"

"Zote. Sifanyi kazi nusu."

Akacheka kwa pua, kama mtu aliyejigonga kidole cha mguu mbele ya wageni. Akatoa tochi mfukoni, akaiweka chini ya chupa moja bila kuiinua, akanionyesha. Ndani kulikuwa na wingu, kama maji ya mto baada ya mvua.

"Divai ikizeeka inashusha mashapo," akasema. "Yanalala upande mmoja wa chupa, miaka na miaka. Ukiigeuza yanaamka. Divai inachafuka, inakuwa chungu. Hizi sasa zinahitaji miezi mitano, sita, ndipo zitulie."

"Basi nifukuze."

"Nikikufukuza atakuja mwingine, atazigeuza tena. Wewe hutarudia."

Sikurudia. Kesho yake alinipa kipande cha chaki, akanifundisha kuchora mstari juu ya kila chupa kabla ya kuigusa, ili hata ikihamishwa ilale vilevile ilivyolala. Hiyo mistari mnayoiona mkauliza kama ni uchawi wa Kichaga, ndiyo hiyo. Imetoka Italia. Wachaga tusisingiziwe.

Kutoka siku ile nikawa nafagia asubuhi na kujifunza mchana. Vifaa vyake vilikuwa vichache. Tochi. Chaki. Kipimajoto cha ukutani. Kizibuo chenye ndimi mbili nyembamba, kwa sababu kizibo cha zamani ukikichoma kwa ile skrubu ya kawaida kinamomonyoka kama kashata. Na daftari. Kila Ijumaa anaandika joto la chumba, anamulika shingo za chupa chache kuona divai imeshuka kiasi gani, anaandika. "Divai hainywewi na watu peke yao," alisema. "Na hewa nayo inakunywa. Unaangalia inakunywa kwa kasi gani."

Mwanzoni nilimwona kama amepungukiwa. Kwetu mbege ya jana ni ya wazee wasio na haraka, ya juzi ni ya kuku. Mama alichemsha ndizi mbivu mpaka zikawa nyekundu, akaziacha zichachuke, akapika uji wa ulezi ulioota, akatia gome la msesewe ili uchungu uushike utamu, akachanganya, na siku ya kunywa ilikuwa moja. Mwenye arusi asipofika siku hiyo, arusi yake ina kasoro. Nilimweleza Pietro haya, akaniuliza juu ya gome lile kwa makini kama daktari. Ni la mti gani, unalichuma upande gani wa mti, ukizidisha inakuwaje. Kisha akaniambia ya kwao.

Kwao ni vilima vya Piemonte. Zabibu zao zinaitwa nebbiolo, zinaiva mwisho wakati ukungu umeanza. Kaka yake, Carlo, alirithi shamba kwa baba yao aliyelirithi kwa babu. Carlo aliacha maganda yalowe kwenye divai siku arobaini na zaidi, akiyazamisha kwa mbao yasielee, wakati majirani walimaliza kwa wiki moja. Kisha divai ikaingia kwenye mapipa makubwa kuliko chumba changu cha kulala, mapipa yenye umri mkubwa kuliko Carlo mwenyewe, ikakaa humo miaka mitano.

"Na ikitoka inanyweka?" nikauliza.

"Ikitoka inakukunja mdomo kama umekula ndizi mbichi."

"Sasa faida yake nini?"

"Ingoje."

"Mpaka lini?"

"Carlo hakuwa mtu wa haraka, Signora. Alichelewa hata arusini kwake."

Na walikuwa na desturi. Mtoto akizaliwa katika nyumba yao, masanduku manne ya divai ya mwaka ule yanawekwa kando kwa jina lake. Hayauzwi, hayaguswi. Yanafunguliwa na mtoto mwenyewe, kwa mkono wake, siku anapolishika shamba. Mjukuu wa Carlo, Luisa, alipozaliwa, ulikuwa mwaka mzuri wa zabibu na mwaka mbaya wa mambo mengine. Carlo alijijua. Akiyaweka kwake, siku ya dhiki atayauza. Basi divai ilipotoka kwenye mapipa akayasafirisha hadi kwa mdogo wake Minnesota, ambako hata akitaka kuyauza mkono haufiki. Bwana Dale akakubali yakae bure chumba cha nyuma, kwa sababu ya Pietro. Ndivyo chupa arobaini na nane za mtoto wa Kiitaliano zilivyokuja kulala Eagan.

Pietro alipoanza kuumwa miguu alinikabidhi daftari. Nilimwambia mwandiko wangu ni wa kuku. Akasema kuku anajua alikopita. Alipoumwa zaidi akahamia nyumba ya wazee Golden Valley, ambako nusu ya wahudumu ni Wakenya, wakamfundisha kusema "sawa sawa". Aliniachia neno moja tu: masanduku ya Luisa yasifunguliwe na mtu mwingine.

Sasa nafika mahali nisipopapenda.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, baridi ya kugandisha kope. Bwana Dale alikuwa Florida anaota jua. Nimetoka ibadani, bado nina kitenge na viatu vya kanisani, simu ikalia. Mtambo wa kupasha joto ghalani umezimika tangu alfajiri. Mkwe wangu akanishusha mlangoni. Ndani, pumzi yangu ilionekana. Divai ikiganda inavimba, inasukuma kizibo, hewa inaingia, na hapo imekwisha hata ikiyeyuka.

Fundi alisema atafika baada ya masaa kadhaa. Ofisini kwa Dale kulikuwa na jiko dogo la umeme la kupashia joto, mnalijua, lile linalonuka vumbi. Nikaamua kuhamishia huko masanduku ya Luisa. Na hapa ndipo nilipokosea. Toroli lilikuwepo. Mablanketi ya kusafirishia yalikuwepo, rundo zima. Lakini Pietro alinifundisha zisitikiswe, nami nilikuwa nimeapa sitarudia kosa la siku ya tatu. Nikazibeba moja moja. Chupa moja juu ya mkono wangu kama kichanga, mstari wa chaki ukiangalia juu, hatua za mtu aliyebeba uji moto. Nenda, rudi. Tena nilianza na sanduku lililo karibu na mlango kwa sababu lilikuwa karibu. La nne lilikuwa chini, upande wa ukuta wa nje, ambako baridi huanzia.

Nilipofikisha chupa ya thelathini na sita fundi akaja. Mtambo ukanguruma, hewa ya moto ikapuliza. Mikono yangu ilikuwa haifungi tena. Nikagusa lile sanduku la nne kwa juu, nikaona mbao zina ubaridi wa kawaida, nikasema limewahiwa. Nikaenda nyumbani.

Asubuhi niliona vizibo vitatu vimeinua kofia zake. Sanduku lote lilikuwa limepigwa baridi. Niliyatunza yale masanduku matatu kwa adabu mpaka nikalipoteza la nne. Mwenye akili angeyafunika yote manne blanketi kwanza, dakika mbili, kisha ndipo aanze adabu zake. Andikeni hilo ukutani: blanketi kwanza.

Niliandika katika daftari. Ila sikumwambia mtu.

Wiki ile nilikwenda Golden Valley. Pietro alikuwa amebaki macho na masikio.

"Baridi ilikuwa kali, Signora."

"Ilikuwa kali."

"Masanduku ya Luisa?"

"Yako salama."

"Yote manne?"

Sijui kwa nini watu wanaokufa wanauliza mara mbili.

"Yote manne," nikasema.

"Sawa sawa," akasema, akafumba macho. Hakumaliza wiki.

Wapo watakaosema nilimpumzisha mzee. Mimi sijalelewa hivyo. Nilisema uongo kwa sababu niliona haya, na nikaubeba miaka saba.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, Bwana Dale akanijia ameshika simu. "Ndeshi, huyo Luisa anakuja. Carlo amekufa. Baba yake pia. Anataka kuonja." Nikauliza kama ndiyo anashika shamba. Dale akapandisha mabega.

Niliandaa kama nilivyofundishwa. Siku tatu kabla nilitoa chupa mbili za sanduku la kwanza, nikazisimamisha mahali pa utulivu ili mashapo yashuke chini. Nikaosha glasi kwa maji matupu, bila sabuni.

Luisa alifika asubuhi. Msichana mwembamba, viatu vya mjini kwenye theluji, na yale masikio ya Pietro. Alinisalimu kwa mikono miwili, akaniita Signora, nikajua alishapewa habari zangu. Akasema shida yake palepale, amesimama, kabla hata ya kuvua koti.

"Nina mpaka Ijumaa," alisema. "Kampuni moja kubwa inataka shamba. Baba aliacha njia ya babu. Alitengeneza divai nyepesi, ya haraka, kama wengine wote, na ikashindana na za wengine wote, ikashindwa. Mama amechoka. Mimi nafanya kazi ofisini Milano. Babu alisema kila siku kwamba divai yake ingezeeka na kuwa kitu. Lakini kwetu ziliuzwa zote, sijawahi kuonja hata moja iliyozeeka. Nikikuta ni kweli, narudi shambani na mapipa yake. Nikikuta ni maneno ya mzee, naweka sahihi."

"Utajua leo," nikamwambia. Nikaenda kuchukua glasi.

Niliporudi nilikuta Bwana Dale, kwa ukarimu wake, ameshaingia chumba cha nyuma na kutoka na chupa. Alichagua yenye lebo nzuri kuliko zote. Lebo ilikuwa nzuri kwa sababu sanduku lile lilikaa chini, nje ya mwanga na nje ya mikono. Sanduku la nne. Alimpa Luisa akaifungua mwenyewe, walau hilo alilikumbuka, na tayari ilikuwa kwenye glasi. Rangi ya chai ya rangi iliyolala. Harufu sikuhitaji kusogea, siki ilinijia mlangoni.

Luisa alionja, akaweka glasi chini taratibu.

"Basi," akasema. "Baba alikuwa sahihi."

"Kizibo kibaya," Dale akasema haraka. "Hutokea. Bahati mbaya tu." Akanitazama nimuunge mkono.

Ingetosha. Kizibo kibaya ni kitu cha kweli, hutokea kila mwezi. Ningeitikia kwa kichwa, nikaleta nyingine, na jina langu likabaki safi. Lakini Luisa alikuwa ameshaamini alichoonja, na mkono wake ulikuwa unatafuta simu kwenye mkoba. Mtu aliyeambiwa bahati mbaya hutabasamu kwa heshima na kuendelea na alichoamua.

"Si kizibo," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Jumapili, toroli, chupa moja moja, ukuta wa nje. Dale alianza kukohoa, nikaendelea.

"Zio Pietro alijua?" Luisa akauliza. Zio ni mjomba au baba mdogo, kwao halichagui.

"Aliniuliza. Nikamwambia yote manne yako salama."

"Akafa akijua hivyo."

"Akafa akijua hivyo."

Nilisubiri anitukane, angekuwa na haki.

"Na sasa nikuamini kwa nini?" akasema. "Labda zote zimekufa, na wewe ni mama mwenye huruma unayenitungia hadithi ili nisilie mbele yako."

"Sina huruma ya namna hiyo, waulize humu ndani. Usiniamini mimi. Soma."

Nikaleta daftari. Bwana Dale alilifungua, kumbe miaka yote ile hajawahi kuligusa, akakuta Kiswahili kitupu. Ikabidi aitwe Wanjiru aache foklifti aje kutafsiri. Wengine wenu mlikuwepo mkichungulia, msijifanye.

"Shosho, nisome kila kitu?" Wanjiru akauliza, anapekua. "Hata hapa umeandika mdosi Dale ni mvivu wa kubadilisha filta?"

"Soma ya Januari ile tu."

Akasoma. Niliandika hivi: Sanduku la kwanza, la pili, la tatu, nimehamisha, joto nyuzi kumi na mbili, vizibo vizuri. Sanduku la nne limepigwa baridi. Vizibo vitatu vimeinuka. Kosa langu. Sijamwambia Pietro. Wanjiru alitafsiri hilo la mwisho kwa sauti ndogo, kwanza hakutaka. Kisha akasoma Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata, mpaka Luisa akainua mkono.

"Inatosha. Leteni hiyo nyingine."

Nikaleta moja ya zile nilizosimamisha, nikiitembeza kama nilivyoitembeza Jumapili ile. Nikampa kizibuo cha ndimi mbili. Nikashika kitako cha chupa, sikugusa juu. Kizibo kilitoka kizima, cheusi chini, kikavu juu. Alimimina polepole nami nikimulika tochi chini ya shingo, na mashapo yalipofika begani mwa chupa nikasema "Koma," akakoma. Rangi ilikuwa nyekundu ya tofali pembeni, na katikati bado ina damu.

Akanusa. Akaonja.

"Inanuka kabati," akasema. "Na ni ngumu. Hii nayo imekufa."

"Haijafa. Imefungiwa miaka zaidi ya ishirini, wewe unataka ikuimbie mara tu mlango ukifunguliwa?"

"Signora, ndege yangu ni kesho."

"Basi una leo nzima. Mama yangu hakuruhusu mtu kusema neno juu ya pombe kwenye kata ya kwanza. Alisema kata ya kwanza unaonja mdomo wako mwenyewe. Kaa ule."

Nilikuwa na machalari kwenye hotipoti, ndizi na nyama, chakula changu cha mchana. Tukagawana, mimi, yeye na Wanjiru. Dale alikula sandwichi yake amesimama. Luisa alikula kwanza kwa adabu, halafu kwa njaa. Akasimulia jinsi babu yake na baba yake walivyokaa miaka minne nyumba moja bila kuongea, wakitumana kupitia kwake: mwambie baba yako mapipa yanavuja, mwambie babu yako yavuje. Wanjiru alicheka mpaka akapaliwa. "Hao ni kama mabrathe wa kwetu na shamba la chai," akasema. Luisa naye akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.

Saa tisa hivi akanyoosha mkono kwenye glasi akiwa anaongea, bila kufikiri. Akaisogeza puani, akanyamaza katikati ya neno.

Mimi sinywi, ila Meza ya Bwana. Siku ile nilinusa na nikaonja, kwa sababu miaka yote ile nilitunza kitu nisichokijua. Nilinusa maua yaliyokaushwa ndani ya Biblia, na lami mpya ya barabarani mvua ikiipiga, na chini yake kitu kitamu kinachokuja polepole. Ule ugumu ulikuwepo bado, lakini sasa umekaa kama mfupa ndani ya nyama.

Luisa hakulia wala hakuruka. Alinusa tena. "Koti la babu," akasema. "La kazini. Lilining'inia nyuma ya mlango wa mapipa. Lilinuka hivi."

Akatoka nje kupiga simu, kwenye baridi, bila koti. Tulimwona kupitia kioo anatembea huku na huku kati ya magari. Kiitaliano sikijui, lakini "hapana" ya kwao nilishaijua kwa Pietro, na niliihesabu midomoni mwake mara sita au saba, kisha nikaona anasikiliza, kisha anaitikia kwa kichwa kama mtoto anayepewa orodha ya dukani. Alirudi masikio yamekuwa mekundu.

"Mama anasema nimerukwa na akili," akasema. "Anasema pia mapipa mawili yanavuja, nitafute fundi kabla ya Krismasi."

"Nimekupotezea dazeni nzima," nikamwambia. "Hilo halitafutika."

"Halitafutika," akakubali. Nilimpenda kwa hilo. Watu wa hapa wangesema hamna shida. "Lakini umenitunzia dazeni tatu. Na ungenyamaza asubuhi, nisingekuwa na hata moja."

Alikwenda na chupa sita. Nyingine ziko bado rafu ya pili, zake, za kulala. Sanduku la nne tulilimwaga, yeye na mimi, kwenye sinki la nyuma, moja moja, tukinusa kila chupa kwanza. Dhambi nyingine unazimaliza kwa mikono.

Mwezi uliopita, wiki niliyorudisha funguo, alituma chupa ndogo ya dawa, haina lebo, imefungwa kwenye soksi. Ni divai ya mavuno yake ya kwanza, iliyotolewa kwenye pipa la babu lililozibwa. Aliandika kwamba maganda yalilowa siku arobaini na nne, siku zote hizo alilala kwenye kiti kwa hofu, na anataka niseme ukweli. Nilimimina vidole viwili, nikampa Wanjiru naye. Akakunja uso wote.

"Shosho, hii ni sumu. Mdomo wangu umekauka kama karatasi."

"Rudia."

Akarudia. "Bado ni sumu. Lakini... kuna kitu nyuma. Kama kinataka kuongea."

Nikamwandikia Luisa hivyohivyo. Ukweli aliuomba, na mimi niliwahi kumnyima mtu wa kwao ukweli, sikutaka kurudia. Nilimwambia ni kali, ni chungu, inakausha ulimi, hainyweki kabisa, na nyuma yake kuna kitu. Nikamwambia afurahi. Nikamwambia pia, ili asijidanganye, kwamba kitu kile kitahitaji miaka ishirini, na mimi kwa umri wangu sitakuwepo kukionja.

Alijibu siku ileile, mstari mmoja. "Babu naye alijua hatakuwepo, Signora, na bado aliiweka."